Mtani wa Udongo

1

Jeneza la Lwitiko liliingia Uwanja wa Mizani saa nne asubuhi, likitokea mtaa wa Karakana, limebebwa na mafundi wanane waliovaa ovaroli za bluu zilizofuliwa mpaka zikapauka. Nyamizi Kapalata alilisubiri chini ya sanamu. Moyo ulikuwa ukimpiga, lakini si kwa hofu. Kusema kweli alikuwa na kiburi kidogo, kile cha mpishi anayejua wali wake umeiva na wageni ndio hao mlangoni.

Sanamu hiyo watu waliiita Mtani. Lilikuwa pande la udongo mwekundu, refu kama nguzo ya taa, limekaa katikati ya uwanja pale palipokuwa zamani na mizani ya kupimia malori. Sura yake lenyewe halikuwa nayo, lilikuwa likiazima za watu. Likimkuta fundi wa Karakana anapita na mkate kwapani, lilijifinyanga papo hapo likawa fundi yule yule, kwapa limevimba, mkate unatoka jasho, na watu wa mtaa wa pili, Magunia, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake lilimgeukia mama wa Magunia anayepepeta mtama huku akisengenya, ungo unakwenda kushoto, mdomo unakwenda kulia. Hapo ikawa zamu ya Karakana kucheka. Miaka saba lilifanya kazi hiyo, na kwa miaka saba hakuna mtu aliyechomwa kisu kati ya mitaa hiyo miwili.

Kabla ya hapo walichinjana. Siku nne za vita vya bomba la maji, maiti mia mbili na kumi na moja, na mji wa Relitatu ukawa hautajwi kwa jambo jingine.

Nyamizi, kwa cheo cha kwenye karatasi, alikuwa mlezi wa sanaa za uwanja. Yeye ndiye aliyechagua kipi kisimame wapi, watu waone nini wanapokwenda sokoni. Wakubwa wa mji walitaka mnara wa amani, mikono miwili ya saruji iliyoshikana. Akawaambia saruji hata ikishikana haina hasira za kumeza. Akawaletea utani badala yake. Yeye ni Mnyamwezi, bibi yake alikuwa akimsimulia jinsi watu waliopigana mpaka wakachoka walivyofanya utani: mtani akakutukana mbele ya mkweo nawe ukacheka, maana ndiye atakayekuja kukuzika.

Kwa miaka sita alikuwa ameufungia udongo mlango mmoja tu. Usiguse maiti. Mwaka huu wazee wa mitaa yote miwili wakamwendea ofisini wakiwa pamoja, jambo ambalo peke yake lilimtoa machozi. "Utani usiofika msibani ni maigizo, mama," wakamwambia. "Tumeshakuwa watani wa kweli. Fungua." Akafungua. Alipokufa mzee mmoja dereva wa treni, udongo ukamwigiza anavyopiga chafya akiwa ameishika suruali isianguke, na mjane wake akacheka mpaka ikabidi akalishwe chini. Mji mzima ulilisimulia jambo hilo wiki nzima.

Leo ni msiba wa pili, na huu ulikuwa mwingine kabisa. Lwitiko alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa kuchomelea. Aliokotwa juzi ndani ya ghala kuu la Magunia, kichwa kimepasuka. Magunia walisema labda alikwenda kuiba. Karakana hawakusema kitu, na ukimya wao ndio uliotisha. Nyamizi aliona mji umeshika pumzi, akaamini kicheko ndicho kitakachoiachilia.

Watani wa Magunia walikuwa wamekwishafika. Kwa mila mpya ya Relitatu, Magunia huchimba kaburi la Karakana na Karakana huchimba la Magunia. Wachimbaji sita walisimama na koleo begani, udongo umewaganda kwenye miguu, na mbele yao Pazi Kibwana, mkuu wa walinzi wa maghala, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo. Pazi ndiye aliyesukuma toroli la kwanza la udongo wakati Nyamizi anajenga Mtani, siku ambazo hakuna mwingine wa Magunia aliyethubutu kukanyaga uwanja ule.

"Karakana!" Pazi akapaza sauti. "Huyo mtu mmempima? Sisi tumechimba mpaka magotini tu, na nyinyi miguu yenu mirefu kama mlingoti!"

"Mkunjeni," akajibu Anyosisye, mjomba wa marehemu, aliyekuwa kwenye kona ya mbele ya jeneza. "Si mmezoea kukunja magunia?"

"Magunia yetu hayanuki grisi, mjomba!"

"Yananuka panya!"

Kicheko kikapita, kikavu, lakini kikapita. Nyamizi akashusha pumzi. Aliona kwamba Pazi anamtazama Anyosisye, anawatazama wabebaji, anatazama hata viatu vya watu, ila jeneza halitazami. Akadhani ni huruma.

Mtani akaanza. Alimfinyanga Lwitiko amevaa kinyago cha kuchomelea, amesahau kukivua, anapiga mswaki juu yake. Karakana nzima iliijua hadithi hiyo. Mama yake, Tusajigwe, mwanamke mrefu aliyejifunga khanga kiunoni, akapiga kofi moja, kicheko na machozi vikamtoka pamoja.

"Ndiye! Jamani, mwanangu huyo, ndiye kabisa!"

Udongo ukasikia kicheko ukakifuata, kama mbuzi anavyofuata chumvi. Lwitiko akapanda ngazi akiwa ameiegesha kinyumenyume. Lwitiko akapita mlango wa ghala akijigonga. Watu wakacheka, kisha wakapunguza, kisha wakaacha, kwa sababu kila mmoja alishaona hadithi inakokwenda. Nyamizi naye aliona. Mkono wake ukaenda kwenye bangili ya kuuongozea udongo, ukasita pale. Aliwaza: mtani wa kweli huwa hakatizwi.

Nyuma ya Lwitiko kikainuka kiwiliwili cha pili. Kilishika mtaimbo. Hakikuwa na uso.

Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo Nyamizi peke yake alilijua. Chini ya vigae vya uwanja kulikuwa na masikio madogo kama punje za ulezi, yanayosoma nyayo: uzito umehamia vidoleni, goti limekaza, pumzi imekatika. Udongo haukujua lolote la duniani zaidi ya hayo na nyuso za wapitao. Ulikuwa ukibahatisha. Sura hii, la. Sura ile, la. Haraka kuliko jicho. Sura ambayo umati uliishikia pumzi, hiyo ndiyo ikabaki. Kwa vichekesho hilo lilitosha sana. Nyamizi hakumweleza mtu yeyote, maana watu walipenda kuamini kwamba Mtani anajua kila kitu, na mtu akidhani anaonwa hujichunga. Uongo mdogo, aliwaza siku zile, wa kulinda jambo kubwa.

Uso mtupu ukatetemeka kama maji ya sufuria. Ukapita uso wa mlinzi mmoja, wa mwingine, wa muuza mtama. Kisha watu elfu mbili wakavuta pumzi kwa pamoja, na uso ukakaa.

Ulikuwa wa Pazi.

Nyamizi akabonyeza bangili. Tuli. Ndipo alipokosea kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Udongo uliambiwa utulie, ukatulia hivyo hivyo ulivyokuwa: Pazi Kibwana, mrefu kama nguzo ya taa, mtaimbo juu, na kijana wa Karakana chini yake amefunika kichwa kwa mikono. Kama angeuacha, ungecheza ukapita. Sasa umekuwa mnara.

2

Jeneza likatuliwa chini. Walilitua taratibu.

"Mjomba," Pazi alisema. Sauti yake ya ng'ambo haikuwepo. "Mjomba, huo ni utani."

"Ndiyo," Anyosisye akasema. "Nasi tutakutania."

Nyundo alikuwa nayo mfukoni mwa ovaroli, mafundi hawaachi nyundo hata msibani. Pigo la kwanza Pazi alilikinga kwa mkono, na mlio wa mfupa ukasikika mpaka kwenye vibanda vya chai. La pili likampata mdomoni. Akaenda chini, akatema meno juu ya vigae, akayatazama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Wachimbaji sita wa Magunia hawakuwa waoga, ningekuwa mwongo nikisema walikimbia hapo. Waliingia na koleo zao. Mmoja akampiga fundi shingoni kwa makali, na damu ikaruka juu, nyekundu mno kwa jua lile, ikaangukia kifuniko cha jeneza. Yule fundi alikaa kitako, mkono shingoni, akasema kwa mshangao, "Ee, wamenikata," kisha akalala ubavu na hakusema tena. Baada ya hapo hapakuwa na msiba wala watani. Kutoka Karakana walimiminika na nondo na minyororo ya baiskeli. Kutoka Magunia walikuja na ndoano za kuburutia magunia, zile zenye ncha mbili, na Nyamizi alimwona kijana anaburutwa nayo kwa paja kama furushi la mtama, anapiga kelele akimwita mama yake. Muuza chai alimwagia watu birika la moto bila kuchagua ni wa wapi.

Tusajigwe hakuondoka. Alijilaza juu ya jeneza, tumbo chini, mikono amekumbatia ubao, na watu wakapigana wakimruka.

Nyamizi alipigwa na kiwiko, akaanguka, akatambaa. Alimfikia Pazi kabla Anyosisye hajainua nyundo mara ya tatu, akajitupa katikati. Wala hakufanya hivyo kwa ushujaa. Miguu ndiyo iliyompeleka.

"Toka, mama," Anyosisye akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, mdomo umemjaa povu. "Toka, sina ugomvi na wewe. Wewe ndiye uliyetuonyesha. Mungu akulipe mema. Sasa toka."

Maneno yale yakamchoma kuliko kiwiko. Wewe ndiye uliyetuonyesha.

Akiyatamka anayoyajua, kwamba udongo haujui, kwamba wao wenyewe ndio waliomchagua Pazi kwa pumzi zao, basi miaka saba imekwisha hapo. Mtani atakuwa tope la kawaida, na yeye tapeli aliyelilea. Zaidi ya hapo: kama kweli Pazi aliua, atakuwa amemwosha muuaji mbele ya mama wa marehemu. Na akinyamaza, mtu huyu atapondwa kichwa chini ya miguu yake kwa sababu ya kubahatisha. Katika vurugu lote lile, yeye mwenye cheo cha kuchagua nini watu waone, alikuwa na ukweli mmoja tu mkononi. Kwamba hajui.

"Udongo haujui!" akapiga kelele. "Mjomba, nisikilize! Haujui kitu! Unabahatisha!"

"Miaka saba ulikuwa ukijua, leo ndio haujui?"

"Unasoma miguu yenu! Unatafuta mnachokitaka!"

"Anamtetea rafiki yake!" mtu akalia kutoka nyuma. Jiwe likampata Nyamizi kwenye bega. La pili likampasua juu ya jicho, na dunia upande wa kushoto ikawa nyekundu.

Akaona maneno hayafai. Watu wa Relitatu alikuwa amewafundisha mwenyewe kuamini udongo kuliko maneno. Akabonyeza bangili, akaufungua udongo, na akaufungulia na sauti, ile ya matangazo ya soko, iliyofanya vigae vitetemeke.

"MTAZAMENI TENA!"

3

Mtu hata akiwa anaua, akiambiwa tazama, hutazama. Nondo zikasimama hewani.

Pande la udongo likatikisika. Uso wa Pazi ukalegea ukayeyuka. Mtaimbo ukabaki, kijana chini akabaki, na uso mtupu ukaanza kupapasa nyuso. Upande wa Magunia ulikuwa umejaa kuliko wa Karakana sasa, watu wametoka majumbani na ndoano, na macho yao yote yalikuwa kwa mtu mmoja mwenye nyundo. Wakavuta pumzi.

Uso ukakaa. Ukawa wa Anyosisye.

Mjomba wa marehemu, mrefu kama nguzo ya taa, anamponda mpwa wake kwa mtaimbo.

"Uongo!" Anyosisye akanguruma. "Juzi nilikuwa safarini! Mwulizeni yeyote! Nimerudi jana na treni ya saa tisa!"

"Najua," Nyamizi akasema, na sauti yake ikatoka kwenye udongo, kubwa, ikiwarudia kutoka kwenye kuta za maduka. "Najua, mjomba. Kila mtu anajua. Lakini Magunia wanakuchukia hivi sasa, basi udongo umewapa walichotaka. Kama ulivyokupa wewe Pazi. Hauna macho. Macho ni yenu. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza nikawaficha."

Sehemu fulani mtu alikuwa anakoroma damu.

Watu elfu mbili, hata zaidi, wakageuza vichwa polepole. Wakamtazama mwanamke aliyesimama juu ya mtu aliyevunjika, damu jichoni, bangili mkononi. Miaka saba walimheshimu. Watoto wao waliwapa jina lake. Na yeye miaka saba aliwachezea shere.

Hakuhitaji kugeuka. Aliona kwenye nyuso zao udongo unamfinyanga nani.

"Haya," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo. "Mmeona? Sasa ni mimi niliyemuua."

Kwa kitambo kidogo alidhani wamesikia. Wengine walisikia, aliona nondo mbili tatu zinashuka, aliona mwanamke wa Magunia anaitazama ndoano mkononi mwake kisha anaitupa kama imemwunguza. Lakini aibu ya watu wengi haikai bure, hutafuta mahali pa kushukia. Ikashukia udongo kwanza. Anyosisye ndiye aliyepiga pigo la kwanza, kwenye goti la sanamu, na mafundi wa Karakana wakamfuata na nyundo, na wa Magunia na ndoano, bega kwa bega, ndiyo siku pekee niliyosikia wamefanya kazi moja bila mtu kuwasimamia. Uso wa Nyamizi ulianguka mzima, ukapasuka kwenye vigae. Ndani ya udongo zilikuwamo chembe zake za kuuendesha, kijivu, ndogo kama mtama, zikamwagika kwa mamilioni zikitambaa bila kujua zifanye nini, na watu wakazikanyaga.

Kisha wakamshukia yeye. Alipigwa mateke ya mbavu, ya mgongo, akavunjwa kidole kimoja na mtu aliyetaka bangili. Alijikunja juu ya Pazi, akahesabu mateke mpaka hesabu ikampotea. Kilichomwokoa ni vyombo vya polisi vilivyokuja angani, vinavuma kama nyuki, vikadondosha moshi wa kuwasha. Umati ukakimbia ukikohoa, kila mmoja kwao.

4

Moshi ulipotawanyika uwanjani walibaki maiti tisa, majeruhi waliokuwa wakiitana majina, na jeneza lenye mwanamke juu yake.

Nyamizi akaketi. Kila pumzi ilikuwa kisu. "Kaka Pazi. Upo?"

"Nipo." Mdomo wake ulikuwa donge. Mkono wa kushoto ulining'inia kama si wake. "Dada Nyamizi. Ungeniacha."

"Nyamaza, watakuja na machela."

"Ungeniacha, dada. Udongo wako haukukosea."

Alimtazama. Pazi alikuwa analia, na kulia na mdomo ule kulikuwa kazi.

"Feni ya ghala ilikuwa mbovu," akasema. "Mtoto wa watu alikuja kuitengeneza bure, kama jirani, bila kuniambia. Nikaingia nikaona ovaroli ya bluu gizani, na chuma mkononi. Sikuona mtu, dada. Niliona ovaroli. Niliona siku zile nne. Nikapiga. Alipoanguka ndipo akasema, shikamoo baba Pazi, ni mimi. Nikamshika mpaka akapoa. Kisha nikafunga mlango nikaenda kunywa chai."

Miaka saba. Amesukuma toroli la kwanza, amecheka kila siku chini ya Mtani, amemtania hata mkwe wa Anyosisye, na gizani akaona ovaroli. Nyamizi alitaka kumpiga. Alitaka kulala. Alitaka kuwa mtu ambaye hajasikia.

Kivuli kikawaangukia. Tusajigwe alikuwa amesimama, khanga yake imelowa damu ya watu asiowajua.

"Nimekusikia ukiwaambia udongo haujui," alimwambia Nyamizi. "Nimekuelewa. Basi niambie wewe, mama. Nani aliyemuua mwanangu?"

Hapakuwa na mwingine karibu wa kuwasikia. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja, sijui, na dakika kumi zilizopita lilikuwa neno la kweli.

Nyamizi akamshika Pazi ukosi wa shati. "Mwambie. Ama nitamwambia mimi, na mimi nitasema vibaya kuliko wewe."

Pazi akamwambia. Yote, na ile shikamoo. Tusajigwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea ujumbe wa ndugu wa mbali. Ilipofika kwenye chai, akainua mguu akakanyaga ule mkono uliovunjika, akaukandamiza kwa kisigino, na Pazi akapiga mayowe ambayo hayakufanana na ya mtu. Nyamizi hakumzuia. Mama yule aliondoa mguu mwenyewe alipotaka.

"Kaburi limefika magotini," akasema. "Wachimbaji wamekimbia. Wewe ni mtani wetu. Simama."

Walilitia jeneza kwenye mkokoteni uliokuwa umeleta koleo, wanawake wawili wakisukuma, mmoja mbavu zimevunjika na mmoja hana tena alichobakiza, na Pazi akavuta kwa mkono wa kulia. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya reli tu, umbali wa kutupa jiwe. Pazi akashuka shimoni. Akachimba kwa mkono mmoja, koleo ameliegemeza begani, anaanguka, anainuka, anatapika, anachimba. Nyamizi alikaa ukingoni akimtazama, na akaelewa alichokosea tangu mwanzo, kabla ya bangili, kabla ya kufungua mlango wa misiba. Mtani huweza kukucheka kwa sababu ni yeye atakayeinama kwenye shimo lako. Udongo aliupa mdomo tu. Haukuwa na mabega.

Jua lilikuwa limepita utosi Pazi alipofika kiunoni. Tusajigwe akamsimamisha kwa mkono.

"Hapo panatosha." Akamgeukia Nyamizi. "Sasa wewe. Nikipiga ukelele mmoja hapa, Karakana watakuja wakiwa peke yao, na huyu amekwisha simama kaburini, hawana taabu. Ukipiga simu, polisi watamchukua kimya kimya, watu watasema Magunia wamemficha mtu wao, na kesho tunaanza tena siku nne. Ama tunyamaze sote watatu, nizike, niende nyumbani nikakae na jambo hili mpaka linitafune. Kazi yako ni kuchagua watu waone nini. Mimi nimechoka. Chagua."

Kutoka mitaani ulisikika mlio wa chuma juu ya chuma. Karakana walikuwa wananoa. Upande wa pili, Magunia, filimbi za walinzi zilikuwa zinaitana.

Nyamizi alimtazama Pazi. Pazi hakuomba kitu. Alikuwa ameegemea ukuta wa shimo, macho amefumba, mchanga umemganda kwenye damu, na kama si pumzi yake ungesema amefinyangwa.

Akavua viatu. Akateremka shimoni, polepole, akishika mbavu, mpaka akasimama kando yake, bega lake likigusa bega zima la Pazi. Palikuwa pembamba. Palikuwa pamechimbwa kwa ajili ya mtu mmoja.

"Waite wote," akamwambia Tusajigwe. "Karakana na Magunia, polisi pia. Waje mpaka hapa ukingoni. Wamsikie kwa mdomo wake, pasiwe na wa kumwigiza. Na mimi nitasema langu."

"Watarusha mawe."

"Watarusha."

"Watawaua nyote wawili, mama. Sitawazuia. Hata kama ningeweza, sijui kama ningetaka."

"Sikuombi uwazuie. Waite."

Tusajigwe akaenda akasimama kichwani mwa kaburi, kwenye rundo la udongo, pale anaposimama mwenye msiba, akaweka viganja mdomoni. Ukelele alioupiga haukuwa wa kuita damu. Ulikuwa ule wa kutangaza kwamba maiti anashushwa na watani wanaitwa, ule ambao kila nyumba ya Relitatu, upande huu na upande ule, ikiusikia huacha chochote ilichoshika.

Noleo la kwanza likanyamaza. La pili likanyamaza. Zikasikika nyayo, nyingi, kutoka pande mbili.

"Wanakuja," Pazi akasema bila kufumbua macho.

"Simama wima," Nyamizi akamwambia. "Wakuone."